Kiapo cha Maziwa

...na anasema tena kwamba yeye alianza na ndoo moja ya kamba, ndoo moja tu vijana wangu, makofi yanapigwa, na mimi napiga kwa kuwa niko mstari wa mbele na Mwalimu Saadi ananitazama, huyu mgeni rasmi wetu Bwana Hemedy ananunua kamba wa baharini kule Nyamisati na mahafali haya katuletea makreti ya soda, amesimama chini ya turubai na sisi tuko juani, zamani hata sabuni hamkuiona dukani, anasema, siku hizi ruksa, mwenye kutaka na atafute, na mimi nataka, ee Mola wangu, nataka, ila Jumatano nitaingia kwenye mtihani wa darasa la saba nikaandike majibu ya uongo, nimeapa, juzi jikoni Mama alinishika mkono akauweka kifuani mwake, Muzdalifa mwanangu, ukifaulu ukaenda bweni, maziwa haya niliyokunyonyesha sikuhalalishii, sema wallahi, nikasema wallahi, na moshi wa kuni ukanisaidia, machozi yakaonekana ya moshi... kwani tangu nivunje ungo Bibi Mwajabu, mama mzaa Baba, hali akashiba, mwali gani huyu, wenziwe wametiwa ndani wanafundwa, yeye anapeleka matiti shule, na nyumba ni ya Bibi, shamba ni la Bibi, akinuna yeye kwa mkwewe hakuliki... msiogope kuanguka, anasema Bwana Hemedy, aliyeanguka ndiye ajuaye kuinuka, lo, basi mimi nitajua mengi, nimekwisha kupangiwa pa kuangukia, wala kukosa si kazi rahisi, watu hawajui tu, ili nikose yote lazima niyajue yote, jana nilijipima kwa maswali ya mwaka jana, jibu ni B, mkono ukaandika B wenyewe, nikafuta, nikaweka D, nikachukia mkono wangu, nikamchukia Mama, astaghfirullah, simchukii... ningeomba mitihani isifike, inatoka Utete, inavuka mto, ningeomba pantoni lizame, hapana, lina watu, likwame tu kwenye mchanga mpaka mwakani, mpaka Bibi... hapana, hilo nalo siombi... kisomo hakiibiwi, anasema, makofi, kumbe hajamwona Habiba wa Mtunda, Habiba alimshinda kila mtu kwa hesabu, akaapishwa kama mimi, akakosa kama alivyoambiwa, matokeo yalipotoka mama yake akasema mbele za watu, mwanangu hana kichwa, tufanyeje, watu wakaitikia, ndiyo, kichwa majaliwa, na mwezi uliopita nilimkuta kisimani, mtoto mgongoni, nikamwambia dada nielekeze hesabu za sehemu, akacheka, mie tena? mie mjinga mie, waulize walonisahihisha, na hakuwa anatania, nilimtazama machoni, anaamini, ameshasahau kwamba alikosa kwa kutumwa, hilo ndilo linaloniogofya, si kuolewa, si kutiwa ndani, ndani nitakaa, nitavumilia, ila nitakaa mle mwaka mzima nikisikia sina kichwa, sina kichwa, na siku moja nitaitikia...

Wazazi! anapaza sauti Bwana Hemedy, nani ataahidi hapa hapa kwamba mwanawe akifaulu atampeleka sekondari, anyanyue mkono nimwone, na akina mama wanatazamana, kanga zinavutwa vichwani, mkono mmoja, miwili, na Mama, Mama yangu, amesimama kabisa na mikono yake yote miwili iko juu, anapiga vigelegele, mie wangu nampeleka, jamani, Muzdalifa wangu nampeleka, Bibi hakuja, Bibi goti linamsumbua, na watu wanacheka kwa furaha, Mwalimu Saadi anapangusa macho, na mimi nimekauka, nataka kupiga kelele, Mama muongo, halafu namtazama vizuri, hacheki, mishipa ya shingo imemtoka, anapiga vigelegele kama mtu anayeita msaada, na hashushi mikono, wenzake wameshusha wote yeye bado, ananitafuta kwa macho katika mstari... ipi basi, Mama, ya jikoni au hii, jikoni Bibi alikuwa mlangoni, ndiyo, sasa nakumbuka, alikaa kizingitini anachambua mchele na ungo haukutikisika tangu tulipoanza mpaka tulipomaliza, hapa hayupo, na Jumatano hayupo, hata Mama hayupo, ni mimi na karatasi, na kiapo kiko pale pale, wallahi ni wallahi, halinisamehe jua wala mgeni rasmi, nitakibeba, nitafunga siku zangu tatu za kafara, na maziwa nitayadaiwa mpaka nizeeke... Bwana Hemedy anakunywa maji, anafungua ukurasa mwingine, bado hajamaliza, jua liko pale pale, Mama ameshusha mkono mmoja... nisamehe, Mama, mimi nitafaulu.