Mpira wa Oveni ya Pamela

Ijumaa asubuhi Lukresia alikwenda kusafisha oveni ya mtu ambaye yeye alikuwa akimwonea wivu mwaka mzima.

Mtu huyo alikuwa Pamela, mke wa Ildefonsi, anayekaa mitaa miwili kutoka kwake katika kata ya Lizaboni. Pamela alijifunzia kuoka uani kwa Lukresia, kwenye oveni ya mkaa iliyotengenezwa kwa bati. Alipokuja hakujua hata kutenganisha kiini cha yai na ute wake. Kisha akaolewa, mume akamnunulia oveni ya umeme yenye mlango wa kioo, na baada ya miezi michache keki za harusi, za ubatizo na za kipaimara zote zikawa zinaagizwa kwake. Lukresia akabaki na skonzi za asubuhi. Siku iliyomuuma zaidi ni ile ambayo mume wake, Thadei, alirudi kutoka kazini na kipande cha keki ndani ya mfuko. "Onja hii," alisema. "Laini kweli." Lukresia hakuuliza imetoka wapi. Ilinukia maganda ya limau yaliyokwanguliwa, na yeye ndiye aliyemfundisha Pamela kuyakwangua.

Sasa Pamela alikuwa amejifungua kwa upasuaji, wiki ya nne, na daktari alimkataza kuinama. Jumapili watoto wa parokia walikuwa wanapokea komunyo ya kwanza, na keki kumi na mbili zilikuwa zimeagizwa kwake. Lakini oveni ilikuwa chafu kiasi kwamba ikipata moto inafuka moshi. Akampigia simu Lukresia, kwa kuwa Lukresia aliwahi kufanya kazi miaka sita kwenye jiko la nyumba ya wageni mjini, na oveni za namna ile alizisafisha kila wiki.

"Shikamoo, dada. Karibu."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, amelala. Nakuonea aibu, dada. Angalia mwenyewe."

Lukresia alifungua mlango. Mafuta yalikuwa yameganda chini na kuwa meusi kama lami. Kioo kilikuwa cha kahawia. Moyoni alifurahi, akajisikia vibaya kidogo kwa kufurahi, kisha akafurahi tena.

Alianza kama alivyozoea. Alichomoa waya wa umeme ukutani. Akatoa trei na nyavu, akaziloweka kwenye karai la maji ya moto yenye sabuni. Akakoroga bekingi soda na maji kidogo hadi ikawa uji mzito, akaupaka ndani kote, akikwepa koili zinazotoa moto. Kisha akaketi kusubiri. Uji ule unataka saa nyingi, nao ulikaa hadi alasiri. Muda wote huo watu walipita: mama mkwe wa Pamela na uji wa ulezi, jirani na kuku, wote wakiuliza habari za mtoto na za keki za Jumapili. Hakuna aliyeuliza habari za skonzi.

Alasiri alifuta kwa kitambaa chenye maji, akanyunyiza siki. Mabaki ya soda yakatoa povu, na uchafu ukaanza kubanduka vipande vipande. Kioo alikikwangua kwa kipande cha plastiki ili kisichubuke. Oveni ilirudi kuwa mpya, na hapo ndipo wivu ulipomrudia. Ameing'arisha yeye, atakayesifiwa ni mwingine.

Kuzunguka mlango kulikuwa na mpira unaozuia joto lisitoke. Mpira ule haukwanguliwi, unafutwa tu taratibu kwa kitambaa laini. Lukresia alilijua hilo vizuri. Akachukua stilwaya ya kusugulia masufuria, akausugua kona ya chini kwa nguvu hadi ukachanika urefu wa kidole. Akautazama. Akaurudisha mahali pake, akaupanga vizuri, akafunga mlango.

"Mungu akubariki, dada," Pamela alimwambia wakati wa kuagana.

Jumamosi saa nne asubuhi simu iliita. Pamela alikuwa analia. Lukresia alipofika alikuta keki mbili za kwanza mezani, upande mmoja umeiva, upande wa mlangoni umebonyea na ni mbichi. Ildefonsi alikuwa amesimama jikoni amekunja uso.

"Nilikwambia hujapona," alikuwa anamwambia mkewe. "Unapima unga huku kichwa hakijatulia. Sasa umeharibu, utawaambia nini wazazi wa watu?"

Pamela alishika tumbo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine alikuwa akikusanya makombo.

Lukresia alidhani angefurahi. Badala yake alisogea akasimama kati yao.

"Shemeji, mwache," alisema. "Unga haukukosewa. Mpira wa mlango nimeuchana mimi jana. Kwa makusudi."

Ildefonsi akamgeukia, lakini Pamela ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, "Kwa nini, dada?"

"Kwa sababu ya wivu. Sina sababu nyingine."

Pamela akafuta macho kwa kanga. "Oveni yako ya mkaa bado ipo?"

"Ipo."

"Basi washa."

Ildefonsi alibeba mabakuli ya unga uliokorogwa hadi uani kwa Lukresia. Kutwa nzima Lukresia alipepea mkaa, akabadilisha trei, akaoka keki kumi na mbili, mbilimbili, wakati Pamela ameketi kwenye kiti anapaka krimu zile zilizopoa. Hawakuzungumza ila ya kazi: leta, geuza, bado. Jumapili keki zilifika kwa wenyewe, na waliopongezwa walikuwa Pamela na mtoto wake mchanga.

Mpira mpya uliagizwa Dar, ukafika baada ya wiki tatu, na Lukresia ndiye aliyeulipia. Alipoupeleka, Pamela aliupokea mlangoni. Alimwamkia kama kawaida, akashukuru, lakini hakumkaribisha ndani. Ndani ilisikika harufu ya maganda ya limau yanayokwanguliwa. Lukresia alirudi nyumbani na wivu wake, safari hii ukiwa umechanganyika na aibu, akakanda unga wa skonzi za kesho.