Vyumba vya Mama Reverien

Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012, wafanyakazi wa mashirika walipakia viti vyao kwenye malori, wakaondoka Kasulu. Nyumba yangu ya vyumba sita, niliyoifyatulia matofali mwenyewe, ikabaki na mpangaji mmoja, muuguzi Immakulata. Ya jirani yangu Evaline, mama Reverien, ilikuwa imejaa. Kila asubuhi niliyahesabu mapazia ya madirishani mwake. Sikupenda kuyahesabu, lakini niliyahesabu.

Nilijenga kwa sababu mtaalamu mmoja alitufanyia semina, akasema wapangaji wa namna ile watakuwepo miaka kumi. Walikaa miwili. Kwa hiyo Juni, mchumi wa wilaya, Hilali, kijana mpole kutoka Tanga, alipotuita wenye nyumba kwenye ofisi ya kata, hakuna aliyekwenda kwa moyo mweupe. Alisema tuache kudai kodi ya miezi sita mbele, tupokee mwezi kwa mwezi. Watu waliguna. Bila miezi sita, walisema, mabati yatanunuliwa kwa pesa gani?

Melkiadi, seremala, aliinuka taratibu.

"Mchumi, wewe una nyumba?"

"Sina, mzee. Nimepanga."

"Kwa nani?"

"Kwa mama Reverien."

Watu walicheka hadi mtendaji akagonga meza. Mimi sikucheka. Nilimtazama Evaline, ameketi karibu na mlango akijifunga kanga vizuri, nikaona nimeelewa kila kitu: kumbe ofisi inamjazia vyumba, na sisi tunaambiwa tulegeze masharti. Nilisema, bila kupandisha sauti, kwamba mchumi ametumwa na mwenye nyumba wake.

Nilirudi nyumbani bado nimekasirika, nikamwambia Immakulata kwamba kuanzia Julai nataka kodi ya mwaka mzima. Jumamosi alivusha godoro lake ng'ambo ya njia, akaingia kwenye chumba ambacho Evaline alikuwa akiwekea mahindi.

Jumatatu nilishindwa kuvumilia. Nilimkuta Evaline uani akipepeta maharage, nikamwuliza mchumi amempa siri gani.

"Siri gani, baba Esteri? Napokea mwezi kwa mwezi tangu Januari, maana mshahara wao ni wa mwezi. Hilali alikuja kwangu kwa sababu nyie wote mlimdai miezi sita. Hata wewe."

Nikakumbuka. Februari, kijana mwenye begi moja. Nilimrudisha akiwa mlangoni.

"Yeye ndiye aliyeniuliza mimi kwa nini vyumba vyangu vimejaa," aliendelea. "Akaandika kwenye daftari, akaja kuwasomea. Ningesema mimi, mngesikia?"

Hilo liliniuma kuliko vyumba vitupu. Kumdharau mtaalamu nilikuwa nimezoea. Lakini mimi na Evaline tulianza kujenga mwaka uleule, kwa udongo wa shimo moja, naye hakuhudhuria semina hata moja.

Akasema kuna mwalimu amehamishwa kutoka Nyakitonto, anatafuta chumba, na kwake hapana nafasi tena.

"Nimlete kwako? Mwezi kwa mwezi."

Nilijua linalonifaa. Nilijua pia kwamba kila mwezi mwalimu akinipa kodi, ningeona ni Evaline ananipa.

"Mwambie ni miezi sita," nilisema.

Evaline alitikisa ungo, akapuliza makapi.

"Haya. Nitamwambia."

Mwalimu alipanga kwa Melkiadi, mwezi kwa mwezi.