Mlango Mmoja Mkubwa

Mtaani kwetu wananiita Injinia. Kazi yangu ni kupanga mafaili ofisini, lakini nyuma ya nyumba nina banda la mabati, nina grenda, nina mashine ya kuchomelea, na nina mdomo. Jina lenyewe nililipata kwa mdomo zaidi kuliko kwa mashine.

Mwenye ufundi hasa ni mdogo wangu wa kike. Yeye alisomea, kisha akachomelea bodi za magari miaka tisa kwenye gereji ya watu. Mwaka huu alikodi karakana yake mwenyewe, mtaa wa pili kutoka kwetu, na Jumamosi ile ndiyo alikuwa anaifungua. Alitaka kitu kimoja tu, baba aje aone. Alipoanza masomo, baba alisema chuma si kazi ya mtoto wa kike, na tangu hapo habari za chuma zikizungumzwa mezani baba anageuza shingo upande wangu. Nami nilikuwa napokea sifa hizo bila haya. Kazi pekee ambayo baba aliwahi kumruhusu mdogo wangu ni kuziba sakafu ya gari lake, iliyokuwa imeliwa na kutu, na hata hiyo hakuitazama.

Gari hilo ni la zamani, baba amelitunza kuliko alivyotunza meno yake. Lakini tangu apasuliwe goti, mguu wake wa kulia haukunjiki, na mlango ni mwembamba. Mwaka mzima gari lilikaa bandani na baba akakaa nyumbani.

"Baba, niachie mimi, Jumamosi utakwenda na gari lako," nikasema.

Mpango wangu ulikuwa kuondoa nguzo iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, upande wa abiria, kisha milango yote miwili niiunganishe iwe mmoja mkubwa. Baba angeingia na mguu wake umenyooka, kama mtu anayeingia chumbani kwake.

Mdogo wangu alikuja bandani, akapiga magoti, akachungulia uvunguni mwa gari.

"Kaka, nguzo hii ndiyo inayoshika bodi. Kabla hujaikata, chomelea kwanza chuma kinene huku chini, toka mbele mpaka nyuma. La sivyo litabonyea katikati."

"Nimekusikia," nikasema.

Nilimsikia kweli. Ila Injinia mzima kufundishwa na mdogo wake, tena mbele ya jirani yetu fundi viatu aliyekuwa ameegemea mlango wa banda akitafuna kijiti, jambo hilo lilinikaa kooni. Alipoondoka nikawasha grenda, nikakata nguzo bila kuweka chuma chochote.

Na mlango ulikaa sawasawa! Gari lilikuwa juu ya magogo niliyoyapanga chini ya tumbo lake, katikati kabisa. Magogo hayo ndiyo yaliyokuwa yanafanya kazi ya nguzo, nami sikuliona hilo. Nikapima, nikachomelea, nikasaga, nikapaka puti na rangi. Mlango ulifunguka kwa kidole kimoja. Nikaita majirani waje kuujaribu, kila mmoja na kidole chake.

Ijumaa jioni nilipolishusha gari kwenye magurudumu, mlango ukaanza kukwaruza. Nikausukuma kwa bega, nikapaka grisi kwenye bawaba, nikajiambia ni rangi mbichi.

Jumamosi asubuhi baba alivaa shati lake jeupe na viatu vilivyong'arishwa tangu juzi. Akaingia mguu mbele, akaketi, akacheka peke yake kama mtoto. Majirani wakapiga makofi. Mlango niliufunga kwa nyonga, nikazunguka, nikawasha gari. Tulivuka geti tu, gurudumu la mbele likadumbukia kwenye mfereji mdogo wa maji, tukasikia mlio kama wa kopo linalokanyagwa. Gari likabonyea katikati.

Nilitoka nikauvuta ule mlango. Haukutikisika. Nikavuta kwa mikono miwili, nikaegemeza mguu kwenye bodi, mpini ukang'oka ukabaki mkononi mwangu. Kutokea upande wa dereva baba asingeweza, mguu ule ungepita wapi? Akawa amekaa ndani, jasho linaloanisha shati jeupe, na watu wanazidi kujaa.

"Injinia, kulikoni?" fundi viatu akauliza.

"Imekuwaje, mwanangu?" baba naye akauliza kupitia dirishani.

Ningeweza kusema kweli. Maneno yenyewe ni machache tu, nimekosea. Badala yake nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "Ni ile sakafu aliyochomelea mdogo wangu. Imeachia."

Sijui nani alimpelekea mdogo wangu habari. Alikuja mbio na aproni yake ya ngozi, akiburuta jeki ya magurudumu. Hakuuliza kitu. Aliisukuma jeki chini ya gari, katikati, akapampu mara nne tano. Gari likanyanyuka, na mlango wangu ukafunguka wenyewe, polepole, bila kuguswa.

Tulimtoa baba. Alisimama na mkongojo wake, akamgeukia mdogo wangu.

"Nilisema chuma si kazi yako. Ungeniua! Na huko kwako siji."

Mdogo wangu akanitazama. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Alikuwa anangoja. Nikaangalia mpini uliokuwa mkononi mwangu. Basi akashusha jeki, akageuka, akaiburuta kurudi alikotoka.

Majirani walinisaidia kulirudisha gari bandani. Walipokwisha kutawanyika, niliinua kapeti. Mshono wa mdogo wangu ulikuwa pale pale, umenyooka, umejaa, hauna ufa hata wa kupitisha unywele. Kando yake kulikuwa na kisiki cha nguzo niliyoikata mimi. Kuharibu gari ningeweza kukusimulia nikicheka, lakini nilikuwa nimemuuza mdogo wangu kwa ajili ya jina la utani.

Nilimkuta baba amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni. Nikamwambia yote, kuanzia nguzo.

"Kwa hiyo nimemtukana mwanangu kwa mdomo wako," akasema. "Nenda ukamwambie. Hapo hapo mbele ya watu wake, kama nilivyomtukana mimi mbele ya watu."

Karakana ilikuwa na wateja watatu. Mlangoni kabisa, mahali pa kuonea kila kitu, palikuwa na kiti cha chuma. Kilikuwa kirefu kuliko viti vya kawaida, ili mtu akikalie bila kukunja goti, na upande wa kulia kilikuwa na ubao uliochomoza mbele wa kulaza mguu. Ulikuwa umefungwa sponji na kitambaa safi. Hakuna aliyekuwa amekikalia. Nilisimama mbele yake nikashindwa kupita.

Mdogo wangu alipoinua kinyago chake cha kuchomelea, nikasema mbele ya wale watatu, "Sakafu yako ni nzima. Mimi ndiye niliyekata nguzo bila kuweka chuma. Nikakusingizia."

"Nilijua tangu nilipoweka jeki."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani utasema wewe." Akafuta mikono kwenye aproni. "Baba yuko wapi?"

"Nyumbani. Bado amevaa viatu."

Akakitazama kile kiti, akanitazama mimi. "Kibebe," akasema, akashusha kinyago.

Kilikuwa kizito. Nilijitwika kichwani, nikapita mitaa yote miwili, na kila mlango ulikuwa na mtu.

"Injinia! Hicho nacho umetengeneza wewe?"

"Hapana. Ni mdogo wangu."

Nilijibu hivyo mara saba, au nane. Baba alikuwa ameshafika getini, ameegemea mkongojo. Nikakishusha kiti, akakaa, akalaza mguu. Akapitisha kidole gumba chini ya kiti, kwenye maungio, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Haya, twende," akasema. "Wewe beba."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Hatua ishirini baba anatembea, mimi nyuma na kiti kichwani, kisha nakishusha katikati ya njia, anakaa, anapumua. Kila tulipotua watu walitusogelea. Tulipofika kwa fundi viatu, naye alikizunguka kiti, akainama, akagusa mshono.

"Injinia, leo umefanya kazi."

Nikafungua mdomo, lakini baba alinitangulia.

"Si yeye," alisema. "Ni binti yangu. Mimi ndiyo kwanza naenda kumwona."