Kilo Kumi na Tisa za Ukoo wa Kuo

Jumatatu, saa moja na dakika ishirini asubuhi, familia ya Kuo ilipanga foleni kwenye ujia wa nyumba yao, kando ya mashine ya kufulia, ili wapande mizani. Meli ya utalii ilikuwa imewashusha bandarini Keelung jana yake mchana, na masanduku yalikuwa bado mlangoni yakichuruzika maji ya mvua. Kwenye kalenda ya ukutani palikuwa na uzito wa kila mmoja kabla ya safari, umeandikwa kwa kalamu nyekundu na Pei-yin, binti wa nyumba hiyo, mwanamke wa miaka thelathini na tisa ambaye hakuolewa na hakutaka mtu asahau kwamba ni kwa hiari yake.

Mama Kuo alitangulia. Kilo sitini na nane, vilevile alivyoondoka. Pei-yin akafuata: sitini na moja, vilevile. Kaka yake, Ming-tang, dereva wa malori ya makontena, alikuwa na themanini na nne zake, hata gramu haikuzidi, ingawa kwa siku tano za baharini alikalia kiti kimoja cha ukumbi wa chakula mpaka wahudumu wakaacha kuwapa wengine kiti hicho.

Mwishoni akapanda Su-lien, mke wa Ming-tang, aliyeondoka na kilo arobaini na sita. Sindano ikapita hamsini, ikapita sitini, ikatulia kwenye sitini na tano.

"Kimya kingi kina mshindo!" Pei-yin akasema. "Huyu ndiye anayesema 'mimi sili, nina kichefuchefu.' Kumbe tukisinzia yeye anatafuna."

"Sikula, wifi. Nilikunywa uji wa mchele na achari ya figili."

"Uji wa nini? Wa saruji?" Mama Kuo akauliza.

Ming-tang akacheka, kisha akaangalia saa na kutafuta funguo za lori.

Na kweli Su-lien hakula. Bahari ilimchafua tumbo tangu meli ilipoacha gati hadi iliporudi kutoka Okinawa. Isitoshe, hakupata nafasi ya kukaa. Mama Kuo alikuwa na goti bovu, Pei-yin hakupenda kusimama foleni na watu asiowajua, na Ming-tang alisema amekuja kupumzika. Kwa hiyo Su-lien ndiye aliyekwenda na kurudi kati ya meza yao na meza kuu za chakula, sahani mbili mkononi na ya tatu juu ya kiwiko. Akileta kaa, kamba wamekwisha. Akileta kamba, Mama Kuo anasema, "Ukirudi huko pitia kwenye bata, na usiniletee mfupa." Siku moja alihesabu safari arobaini na moja kabla ya chakula cha mchana. Alipoketi, wenzake walikuwa wamemaliza na meza ilikuwa inafutwa.

Uzito wenyewe haukujificha. Tumbo lilikuwa la Mama Kuo, lile linaloanzia juu, chini tu ya matiti. Nyonga zilikuwa za Pei-yin, ya kushoto imezidi ya kulia. Chini ya kidevu cha Su-lien palikuwa na kidevu cha pili chenye kishimo katikati, na mtu yeyote wa mtaa ule angekitambua kuwa ni cha Ming-tang. Wote nyumbani waliona. Mama Kuo alichosema ni kwamba afunge vifungo vizuri, majirani wasije wakaona tumbo la mama mkwe wake hadharani.

Saa nne Su-lien alikwenda kazini. Alifanya kazi kwenye nyumba ya kukanda viungo nyuma ya stesheni, na kazi yake ilikuwa kukanyaga migongo. Mteja hulala kifudifudi, yeye hushika vyuma viwili vilivyofungwa darini na kutembea juu ya uti wa mgongo kwa visigino na vidole. Kwa kazi hiyo wembamba ni cheti. Kilo arobaini na sita zilikuwa zimemlisha miaka kumi na mmoja, na kulikuwa na wateja waliokuja kutoka Taipei kwa ajili ya nyayo zake tu.

Mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa Mzee Lai, aliyestaafu kuendesha winchi za bandarini. Su-lien alipoweka mguu wa pili juu yake, mzee akatoa pumzi yote.

"Binti," akasema uso ukiwa ndani ya tundu la kitanda, "leo mmepanda wangapi?"

"Niko peke yangu, mzee."

"Hapana. Mimi nimenyanyua mizigo miaka thelathini na sita, naujua mzigo wa mtu mmoja. Hapo mko wanne. Shukeni."

Su-lien akashuka. Bi Tseng, mwenye nyumba hiyo ya kukanda, aliingia, akamzunguka mara moja na kumtazama kidevu.

"Huyu ni mumeo," akasema.

"Ndiyo."

"Sikufukuzi. Lakini ubavu wa mtu ukivunjika kwa kidevu cha mumeo, nani atanielewa? Rudi ukiwa mmoja."

Mchana huohuo Su-lien alikwenda kwa Daktari Yeh, tabibu wa mitishamba ghorofani juu ya duka la miavuli. Daktari alimshika mshipa wa mkono wa kushoto kwa dakika tatu, kisha wa kulia, akamwangalia ulimi.

"Unakula kamba?"

"Nikila kamba navimba midomo."

"Hapa kuna kilo mbili na robo za kamba." Akaandika. "Bia?"

"Sinywi."

"Kilo nne. Aisikrimu ya magimbi, kilo moja na nusu, ya mtu mwenye hasira za karibu."

"Huyo ni wifi."

Daktari alijaza karatasi pande mbili, akapiga muhuri mwekundu. Kilo tisa za mama mkwe, sita za mume, nne za wifi. Za mgonjwa mwenyewe: hakuna. Akamweleza kuwa hali hiyo ni ya muda, aliiona kila mara meli zilipoanza msimu, na kwamba huisha ndani ya wiki tatu kwa jasho. Ingeisha upesi zaidi kama wenyewe wangejinyima kidogo.

"Watakubali?" Su-lien akauliza.

Daktari Yeh akafunga kalamu yake. "Sijaona bado."

Jioni aliiweka karatasi mezani kati ya bakuli la tambi na sahani ya nyama ya nguruwe. Mama Kuo alivaa miwani, akaisoma mpaka chini, akaigeuza, akasoma na upande wa pili. Hakukanusha hata mstari mmoja.

"Tisa," akasema. "Ni kweli, kaa wa siku ile walikuwa watamu."

"Mimi nne tu?" Pei-yin akapokea karatasi. "Kaka sita, mimi nne. Mnaona nani hana adabu ya mdomo humu ndani?"

"Mama," Su-lien akasema, "nimesimamishwa kazi. Daktari anasema mkijinyima kidogo, wiki mbili hivi, zitashuka haraka."

Mama Kuo akavua miwani. "Nijinyime? Mimi nimenenepa?"

"Hapana, Mama."

"Ming-tang amenenepa?"

"Hapana."

"Basi aliyenenepa ndiye ajinyime. Mimi sijawahi kuona mtu mwenye afya anameza dawa ya mgonjwa."

"Lakini ni zenu!"

"Kwani nani kasema si zetu?" Pei-yin akadakia. "Ukoo ni kubebana, wifi. Ulipoletwa humu na kijisanduku chako kimoja, nani alikubeba? Leo umebeba kilo nne zangu, unaleta muhuri wa daktari kama umefika mahakamani."

Su-lien akamgeukia mumewe. Ming-tang alikuwa akivuta tambi. Alizimaliza, akafuta mdomo.

"Ni ya muda tu," akasema. "Wewe mwenyewe umesoma. Ya muda. Sasa kelele za nini?"

Usiku ule tambi za Mama Kuo na nyama ya Ming-tang zilibaki kwenye miili yao wenyewe, kwa kuwa mambo haya hayatokei walaji wakiwa nchi kavu. Asubuhi Su-lien, kwa hasira, alijaribu njia ya kinyume. Alikwenda sokoni akala mabakuli matatu ya supu ya ngisi na maandazi sita ya nyama, akimfikiria Pei-yin kila tonge. Yote yakabaki kwake. Alitapika nusu njiani.

Basi akaanza kupanda ngazi. Kuna ngazi nyingi zinazopanda kilima kilicho juu ya bandari, hadi kwenye sanamu jeupe la mungu wa rehema, na kila alfajiri alizipanda na kuzishuka mara nne, mvua au hapana. Siku ya tatu aligundua kwamba hakuwa peke yake. Mbele yake alitembea mwanamke mwembamba wa mikono na miguu, aliyebeba kitambi cha mwanamume wa miaka sabini. Nyuma alikuja mwingine na mashavu mawili ya mtoto aliyedekezwa, yaliyotikisika kwenye uso wa mama wa makamo. Wote aliwakumbuka kutoka melini. Wote kule walikuwa wakibeba sahani.

Yule wa kitambi alimngoja penye bomba la maji.

"Wako wangapi?" akamuuliza.

"Watatu. Wewe?"

"Saba. Pamoja na mjomba wa Kaohsiung, ambaye hata hatukumwalika."

"Ni mara yako ya kwanza?"

"Ya nne." Mwanamke akakinga maji kwa kiganja, akanywa. "Anza na bia, dada. Bia hutoka upesi. Mafuta ya mama mkwe ndiyo ya mwisho. Yale hukaa mpaka yapende yenyewe."

Ikawa hivyo. Kidevu cha Ming-tang kilitoka katika juma la kwanza, kikinuka kama chupa iliyoachwa wazi, na fulana ya Su-lien ililazimika kuloweshwa usiku kucha. Nyonga za Pei-yin zilimuuma hadi dakika ya mwisho, ikaondoka kwanza ya kulia, kisha ya kushoto. Tumbo la Mama Kuo liligoma. Akipanda ngazi liliguna, akikaa lilimsukuma mgongo, na kila alasiri saa kumi liliomba chai. Siku ya ishirini na mbili liliondoka lenyewe alipokuwa anakunja nguo. Su-lien akapima: arobaini na sita.

Alikimbia kwa Bi Tseng bila mwavuli. Kwenye vyuma vya darini alimkuta msichana kutoka Yilan, kilo arobaini na tatu, hana mume.

"Wateja hawangoji," Bi Tseng akasema, bila ubaya. "Taulo bado zinahitaji mtu."

Su-lien akachukua taulo.

Aliporudi nyumbani, Pei-yin alikuwa amefungua picha za meli nyingine kwenye simu, na mama yake ameegemea bega lake. Siku tisa, hadi Hokkaido. Kaa wa kule, Mama Kuo alisema, wana miguu mirefu kama fimbo.

"Tumekuandikisha," Ming-tang akamwambia mkewe.

"Siendi."

Ming-tang akamtazama kana kwamba jokofu limezungumza.

"Siendi," akarudia. "Mkitaka kula, mle vyenu."

"Nani kakulazimisha?" Mama Kuo akasema. "Baki. Ufagie."

Wakaenda watatu. Siku ya kwanza Su-lien alilala hadi saa tatu, akala embe zima mbele ya televisheni, na hakuna aliyemwita. Alifikiri ndivyo mwili unavyokuwa mtu akiwa wake mwenyewe.

Siku ya pili, saa moja na nusu asubuhi, muda ambao meli hufungua ukumbi wa chakula, alikuwa anamwagilia vitunguu kibarazani. Kifungo cha suruali yake kikaruka, kikagonga kizingiti na kutumbukia mtaani. Tumbo likaanzia juu, chini tu ya matiti. Akaweka birika chini, akangoja nyonga. Zikaja baada ya dakika kumi. Pei-yin hakupenda kuamka mapema.

Akajifunga kitambaa cha meza kiunoni, akashuka hadi kwa muuza nguo wa chini ya daraja, akachagua suruali nyeusi yenye mpira kiunoni, akaijaribu nyuma ya pazia.

"Inakukaa vizuri hiyo," muuzaji akasema.

"Leo inanikaa. Nitafutie iliyoizidi namba mbili. Wana siku saba bado."

Muuzaji hakuuliza ni akina nani. Alipanda kigoda, akavuta sanduku la juu kabisa.