Binti Yuko Kwenye Demo

“Mama, niko kwenye demo, nazima simu,” aliandika binti aliyeanza kazi dukani juzi tu. Mama yake, mjane, aliposoma ujumbe huo alikimbilia kwa majirani kuuliza maana ya demo. Asubuhi hiyo redio ilikuwa imetangaza maandamano mjini.

“Demo ni wimbo wa kujaribia, shangazi,” kinyozi wa jirani alimtuliza. “Labda anarekodi.”

“Nani, huyu wangu? Kwaya yenyewe walimwomba akae mlangoni apokee wageni!”

“Basi ni maandamano,” akadakia fundi cherehani, na kinyozi akamkanyaga mguu.

Mjane hakungoja maana ya tatu. Alijitupia mtandio akashika njia ya dukani, akisali na kuchungulia kila kundi la watu. Mbele ya duka aliisikia sauti anayoijua. Binti yake, aproni kifuani, chini ya bango lililoandikwa “DEMO”, alikuwa akiwaonyesha wateja jinsi mashine mpya ya kusagia juisi inavyofanya kazi.

“Mama! Kuna nini?”

“Hakuna kitu, mwanangu. Mungu ni mwema.”

Akafuta macho, akajipenyeza hadi mbele ya wateja, akauliza kwa sauti ili wote wasikie, “Na karanga, inasaga?”