Malkia wa Upande wa Kushoto

Veit Sattler alikufa kabla hajamchora Malkia. Mfalme alikuwa tayari: mwekundu, taji la jua kichwani, na uso wake ulikuwa wa Veit mwenyewe, hata kovu la kidevuni. Picha ilikuwa ya Daktari Rehm, mmoja wa wale wanaochemsha zebaki na kiberiti wakitafuta dhahabu. Alitaka Jua na Mwezi, mume na mke, moto na maji, wamelala katika jeneza moja, mwili mmoja na vichwa viwili, Mfalme upande wa kulia, Malkia upande wa kushoto.

Hapa Augsburg nani asiyejua kwamba Veit na mkewe Ottilia hawakupikika chungu kimoja? Wakianza kugombana, sisi majirani tulifunga madirisha. Lakini wote wawili walikuwa mafundi wa rangi, kwa hiyo Daktari alimwomba mjane amalizie.

Ottilia akampa Malkia uso wa binti mmoja wa sokoni. Asubuhi rangi ilikuwa imebanduka, imeanguka mezani kama maganda ya kitunguu. Akachora uso wa mtakatifu. Nao ukabanduka. Aliniita nikaone. Kila kitu kilikuwa kizima, ila penye uso wa mwanamke palikuwa na ngozi tupu ya kuchorea.

Nikasema labda gundi ilikuwa mbovu.

"Gundi ni ileile, Apolonia. Ni yeye. Hata kaburini bado ananichagulia."

Nikamshauri amrudishie Daktari picha yake. Akatikisa kichwa.

"Shoga, miaka yote nimemkimbia mwanamume huyu humuhumu ndani. Leo nikimkimbia, atanifuata hadi barabarani."

Akaweka kioo mezani, akajichora mwenyewe: mvi, makunyanzi, mdomo umebetuliwa kama siku za ugomvi. Rangi ikakauka mbele ya macho yangu. Na Mfalme, ambaye Veit alimchora akitazama juu, sasa alikuwa anamtazama yeye.

Daktari aliichukua kwa furaha, hakuuliza kitu.

Majira yale ya baridi Ottilia alihamia kwangu. Tulilala kitanda kimoja, naye aliuacha mkono wake wa kushoto nje ya blanketi, ilhali dirisha limeganda barafu. Alfajiri moja niliushika nimfunike. Ulikuwa wa moto, vidole vimekunjwa kama vimefumbata kitu.

"Uache," akanong'ona, bila kufumbua macho. "Ameshaushika."