Pipa la Makaa ya Vifuu

Swabra alikuwa mja mzito, na tangu aambiwe yaliyomo kisimani mwao, kila kikombe cha maji alikitazama kwanza kabla ya kukitia mdomoni.

Aliyemwambia ni Rispa, binti wa bara aliyesomea mambo ya maji. Alisema mtaani kwao Junda watu wamesongamana, vyoo vimekaribiana na visima. Dawa wanazomeza watu hutoka na mkojo, zikazama mchangani hadi majini, na kuchemsha hakuziondoi.

"Si sumu ya kuua leo," Rispa alisema, "lakini ya nini mtoto anyweshwe dawa za ugonjwa asio nao?"

Ndipo akaleta pipa. Ndani alitia makaa ya vifuu vya nazi, yaliyochomwa na kupigwa mvuke hadi yakawa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji humiminwa juu, dawa zikanata vitunduni, maji yakatoka bombani chini. Yalipopimwa mara ya kwanza yalikuwa safi. Mara ya pili dawa zilipita kana kwamba makaa hayapo.

"Wakubwa wangu wamechoka," Rispa akasema, uso umemshuka. "Kipimo kijacho kikiharibika, pipa linahamishiwa mtaa wa Mtopanga."

Swabra akaanza kuangalia: nani anateka, nani anamimina, kifuniko kimekaaje. Alhamisi moja alikinga maji bombani, akayanusa. Ubani! Nyumbani kwao ubani haukuwa ajabu. Mavyaa wake, Bi Mwanasaumu, mama wa mumewe, hanywi maji ya mtungi usiofukizwa. Lakini maji haya mtungini hayajafika.

Kesho yake, Ijumaa, pipa likiwa limekauka, alimkuta mavyaa wake ameliinamia. Chetezo cha ubani kimekaa juu ya makaa, moshi unapenya pembeni mwa kifuniko.

"Mama, wafanya nini?"

"Nalifukiza, kama kila Ijumaa. Maji ya Rispa yamepooza, mwanangu. Majirani washaanza kuyakimbia. Nikasema nimsaidie mwana wa watu, kazi yake isidharauliwe."

Swabra akahisi moshi huo ndio ulioharibu kipimo. Amwambieje mama wa watu, na nia yake ilikuwa njema? Na akinyamaza, pipa linakwenda.

Rispa alipokuja, alikuta mihogo inamenywa uani.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mbona umekonda? Huko kwenu hawakulishi?"

Swabra akangoja wacheke, kisha akauliza polepole, macho yako kwenye muhogo wake, "Dada Rispa, makaa yale hunasa dawa peke yake?"

"La, hayachagui. Rangi, harufu, hata moshi. Vitundu vikijaa, basi, hayanasi tena."

Kisu cha Bi Mwanasaumu kikasimama.

"Hata moshi wa ubani?"

"Hata wa ubani, Bi. Kwa nini?"

"Lahaula! Basi ni mimi. Nimeyalisha makaa yako ubani yakashiba, nawe wayaletea dawa uyaambie yale tena!"

Rispa alimkodolea macho, kisha akacheka hadi akashika mbavu. "Ai, Bi! Mimi nimekosa usingizi nikitafuta kosa langu!"

"Nisamehe, mwanangu. Wallahi sikujua."

"Kosa ni langu pia. Sikuuliza mnapenda maji ya namna gani."

Makaa yakabadilishwa. Bi Mwanasaumu mwenyewe aliweka jiwe juu ya kifuniko, akatangaza kwa majirani: pipa lisiguswe na moshi, mtungi ndio ufukizwe, maji yatiwe baadaye. Majirani wakarudi na ndoo zao.

Kipimo kilipotoka, Rispa alikuja mbio, hata hodi hakupiga. "Safi! Pipa haliendi popote!"

Swabra akashusha pumzi, mkono tumboni. Bi Mwanasaumu akachota kata ya maji mtungini, akampa Rispa. "Kunywa, ujue maji."

Rispa akanywa, akafumba macho, akairudisha kata. "Niongezee, Bi."

"Ngoja," Bi Mwanasaumu akasema, akimgeukia Swabra. "Kwanza huyu. Yeye anywea wawili."

Swabra akaipokea kata, na safari hii hakuyatazama maji. Akanywa.